Kuunganisha vihisi vya kuhesabu watu na mfumo wa jengo: kutoka mlangoni hadi kwenye dampa

Saa tatu usiku, ukumbi mtupu, taa zimezimwa, lakini feni ya hewa inavuma kama siku ya mkutano mkuu. Nikafungua skrini ya mfumo wa jengo: waliomo ukumbini, 65,531. Mlinzi aliyesimama nyuma yangu akacheka, akaniuliza wamekaa wapi wote hao. Kosa lenyewe lilikuwa dogo mno. Kihisi cha mlangoni kilihesabu waliotoka wakawazidi walioingia kwa watano, kikatuma −5, na kontrola, kompyuta ndogo inayoendesha feni na dampa (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa), ikaisoma rejista ile, kisanduku cha kumbukumbu kinachobeba namba, kana kwamba namba hasi hazipo duniani. Kwenye rejista ya biti 16, −5 na 65,531 huandikwa sawasawa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kimebeba jambo ambalo vijitabu vingi vya vifaa hulipita haraka: kihisi cha kuhesabu watu hakipimi waliomo. Kinahesabu wanaovuka kizingiti, na "waliomo" ni jibu la hesabu ya kutoa. Joto ukilipima vibaya sasa hivi, dakika ijayo utalipima sawa na kosa limekwisha. Hesabu ya waliomo ikikosea saa mbili asubuhi, kosa hilo unatembea nalo hadi jioni, na mengine yanapanda juu yake. Kuvuta nyaya ni kazi ya siku moja. Siku zinazobaki ni za kuufundisha mfumo usiiamini namba hiyo kupita kiasi.

(Nitasema kihisi, ingawa mafundi wengi husema sensa. Ukimwambia mwenye jengo unakuja kufunga sensa ya watu, atasubiri makarani na madodoso.)

Kwanza, namba itafanya kazi gani?

Usinunue chochote kabla ya kupata jibu la swali hili, kwa maana jibu ndilo linaloamua ugumu wa kazi yote.

Kama lengo ni kuwasha na kuzima taa, unachohitaji kujua ni kama kuna mtu au hakuna. Kihisi cha mwendo kinatosha. Achana na kuhesabu. Kama lengo ni kusafisha vyoo kila baada ya watu kadhaa, unahitaji jumla ya walioingia tu. Hapo hakuna kutoa, na kosa la watu watano kwa mia halimuumizi mtu. Lakini kama lengo ni kurekebisha hewa safi kulingana na idadi ya watu, basi unahitaji waliomo kweli, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili yako.

Kuna matumizi moja ninayoyakataa kila ninapoombwa: kuitumia namba hii kuthibitisha kwamba jengo limebaki tupu wakati wa moto. Kwa kazi hiyo kuna taratibu zake na watu wake. Kihisi kinachoweza kusema watu −5 hakiwezi kukuambia hakuna aliyebaki ndani.

Ukishajua lengo, chora ramani ya milango. Kila eneo litakalohesabiwa liwe na mpaka uliofungwa, na kila uwazi kwenye mpaka huo uwe na kihisi: mlango mkubwa, mlango wa stoo, hata ule wa dharura ambao "haufunguliwi kamwe" lakini wavuta sigara wote wanaujua. Mlango mmoja usiohesabiwa unaharibu hesabu ya milango mingine yote. Angalia pia milango kati ya chumba na chumba. Hapo mtu mmoja ni kutoka kwa huku na kuingia kwa kule, kwa hiyo kihisi kimoja kikikosea, vyumba viwili vinakosea pamoja.

Kuchagua kihisi na kukifunga

Kihisi cha mwale, kile cha kukata mstari wa mwanga usioonekana kati ya pande mbili za mlango, ni rahisi, lakini watu wawili wakipita bega kwa bega kinaona mmoja. Cha mwale mmoja hakijui hata anayepita anaelekea wapi. Kihisi cha joto cha kufungwa darini hakioni sura ya mtu, jambo linalowatuliza wengi, ila hupata tabu mazingira yanapokaribia joto la mwili. Kamera za macho mawili na vile vinavyopima muda wa mwanga kwenda na kurudi huona kimo, hivyo hutofautisha mtu na toroli. Hizo ndizo ninazozipendelea kwa kazi ya hewa. Hizi za kupima muda wa mwanga usizifunge mahali jua linapopiga moja kwa moja.

Kuhesabu watu kwa kunusa simu zao kupitia Wi-Fi ni kuhesabu simu. Mtu mwenye simu mbili na laptopu ni watu watatu, na simu za siku hizi hubadilisha anwani zao makusudi ili zisifuatiliwe. Weka pembeni.

Kihisi cha darini kitazame chini moja kwa moja, katikati ya njia, kwa kimo kilichoandikwa na mtengenezaji wake. Kisha kuna kosa ninalolikuta kila mara: mstari wa kuhesabu umechorwa juu ya kizingiti chenyewe, na bawa la mlango linapofunguka linaukata. Kila mtu anahesabiwa mara mbili, yeye na mlango. Sogeza mstari hatua moja au mbili ndani, nje ya mzunguko wa bawa. Usiupeleke mbali sana, maana wanaosimama mlangoni kuagana wataucheza mstari mbele na nyuma kwa dakika kumi. Vihisi vizuri humfuata mtu mpaka avuke kabisa ndipo vihesabu. Hakikisha uwezo huo umewashwa.

Kama kihisi kina kamera, picha ichakatwe humo humo na zitoke namba tu. Picha ya moja kwa moja uliyoitumia kulenga lenzi izimwe ukimaliza, na tangazo libandikwe mlangoni kwamba watu wanahesabiwa bila kutambuliwa. Bila tangazo hilo, kuna siku utakuta lenzi imezibwa kwa gundi ya karatasi, na aliyeiziba atakuwa na hoja.

Umeme na mtandao

Vihisi vingi vya darini hupata umeme kupitia kebo ya mtandao. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye swichi, na kifaa hupokea wati 12.95, kwa kihisi kimoja inatosha. Kebo isizidi mita 100. Jumlisha mzigo wa swichi nzima, si wa poti moja moja, kwa sababu swichi ndogo huwa na poti nyingi kuliko umeme ilionao.

Viweke vihisi kwenye VLAN, yaani mtandao uliotengwa, ya vifaa vya jengo, mbali na kompyuta za ofisi, na ubadilishe nenosiri la kiwandani siku hiyo hiyo. Vyote vichukue saa kutoka seva moja ya muda. Usiku wa kwanza wa kufuta hesabu utaona umuhimu wake.

Ukitumia RS-485, njia ya kuunganisha vifaa vingi kwa waya mmoja, waya upite kutoka kifaa hadi kifaa kama shanga kwenye uzi, si kama matawi ya mti. Rezista ya omu 120 ikae kwenye ncha mbili tu za mstari. Kila kifaa kiwe na anwani yake. Vifaa viwili vyenye anwani moja havikatai kazi. Vinajibu kwa pamoja, na unapata makosa yanayokuja na kuondoka mpaka umlaumu fundi umeme asiye na hatia.

Lugha ya kuzungumza na mfumo

Kihisi na mfumo wa jengo, ule mafundi huuita BMS, lazima wakubaliane itifaki. Njia nne ndizo utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni kontakti kavu: kila mtu anayepita, kihisi hufunga mguso kwa muda mfupi na kontrola inahesabu mipigo. Haina cha kusanidi, lakini kihisi kikikatika mfumo haujui. Kimya cha kufa na kimya cha mlango usiopitwa ni kimya kimoja. Itumie pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na uhakikishe ingizo la kontrola lina kasi ya kuushika mpigo.

Ya pili ni Modbus, itifaki ya kusoma rejista za vifaa, kwenye RS-485 au kwenye mtandao kupitia poti 502. Inafanya kazi karibu kila mahali, na mitego yake inafahamika. Mtego wa kwanza ni rejista inayoitwa 40001 kwenye kijitabu, ambayo kwenye waya ni anwani 0. Ukisoma namba ya jirani, jaribu kurudi nyuma hatua moja kabla ya kumpigia mtu simu. Mtego wa pili ni namba hasi, ule ulionikuta ukumbini: iambie kontrola kwamba rejista ya waliomo inaweza kubeba alama ya kutoa. Mtego wa tatu ni namba kubwa zinazogawanywa kwenye rejista mbili. Jumla ya 70,000 hukaa kama 1 na 4,464. Ukizipanga kinyume unapata 292,552,705. Uzuri wa kosa hili ni kwamba halijifichi.

Ya tatu ni BACnet, lugha ya mifumo ya majengo yenyewe, iliyotolewa kama kiwango cha 135 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa na joto cha Marekani, mwaka 1995. Kama kihisi kinaijua, ichague. Kwenye mtandao hutumia UDP poti 47808, na kila kifaa kinahitaji namba yake ya utambulisho isiyorudiwa kwenye jengo zima. Kihisi kikikaa kwenye mtandao mdogo mwingine, kontrola haitakiona hata kama kinajibu ping (jaribio la kuona kama kifaa kinafikika), kwa sababu wito wa kutafutana hupigwa kwa wote na rauta haiuvushi. Hapo unahitaji kifaa cha kuvusha wito, yaani BBMD, kimoja kwa kila mtandao mdogo. Au uandike anwani ya kihisi kwa mkono ikiwa kontrola inaruhusu.

BACnet inaruhusu kontrola kujiandikisha ili ijulishwe namba inapobadilika. Ni jambo zuri, lakini usajili una muda wake na huweza kupotea kifaa kikizimika. Mimi hujiandikisha na bado nikasoma namba kila baada ya sekunde 60. Feni na dampa hazina haraka kuliko hapo.

Ya nne ni MQTT, itifaki nyepesi ya kutuma ujumbe, au ujumbe wa wavuti, ambapo kihisi hutuma data na mfumo wa jengo hauielewi. Utahitaji kigeuzi katikati, kisanduku kidogo kinachopokea huku na kutoa BACnet kule. Kigeuzi kina tabia mbaya moja: kihisi kikifa, kinaendelea kutoa namba ya mwisho iliyopokelewa, safi na yenye afya, siku tatu mfululizo. Kisanidi kigeuzi hicho ili kiinue alama ya hitilafu kikikaa kimya zaidi ya muda uliouweka.

Pointi za kuchukua

Usichukue "waliomo" peke yake. Kwa kila mlango chukua pointi nne, yaani thamani ambazo mfumo utazisoma: jumla ya walioingia, jumla ya waliotoka, hali ya kihisi, na muda wa ujumbe wa mwisho. Waliomo wahesabiwe kwenye kontrola, kwa sababu ndiyo pekee inayoiona milango yote ya eneo.

Na jumla hizo ziwe za kulimbikiza, kama mita ya maji, si "waliopita tangu uniulize mara ya mwisho". Ukikosa kusoma mita ya maji leo, kesho bado ina kila lita. Kihisi kinachojifuta kila kinaposomwa, ujumbe mmoja ukipotea njiani, watu wake wamepotea moja kwa moja. Ni hatari zaidi mifumo miwili ikikisoma kihisi kimoja, kila mmoja ukimwibia mwenzake.

Mita nayo hufika mwisho ikaanza upya. Tuseme ni ya biti 16: ilisoma 65,530, sasa inasoma 4. Ongeza 65,536 kwenye namba mpya, toa ya zamani, na jibu ni watu 10. Lakini tuseme ilisoma 18,200, umeme ukakatika, sasa inasoma 3. Kanuni ile ile itakupa watu 47,339 ndani ya dakika moja, mlango mmoja. Kwa hiyo weka dari. Tofauti ikizidi idadi ambayo mlango huo unaweza kupitisha kwa kipindi hicho, usiijumlishe. Chukua namba mpya kama mwanzo mpya, na uandike tukio kwenye kumbukumbu. Mistari hii mitatu ya programu imeniokoa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Makosa ya siku na namna ya kuyafuta

Chukua siku yenye watu 1,000 walioingia na 1,000 waliotoka. Kihisi kinakosa wawili kwa mia wanaoingia na mmoja kwa mia wanaotoka. Kwa macho ya muuzaji hicho ni kihisi bora kabisa. Kimeandika 980 na 990, na jioni una watu −10. Geuza makosa hayo upande wa pili, una vivuli 10 wanaolala ofisini. Wasipofutwa, baada ya siku tano ni 50, na mfumo unawapulizia hewa.

Kwanza, weka sakafu na dari. Waliomo wakishuka chini ya sifuri, isome sifuri na usogeze msingi, yaani mahali hesabu inapoanzia, hapo hapo, ili anayeingia baadaye ahesabiwe mmoja badala ya kulipa deni. Wakizidi uwezo wa chumba kwa kiasi kisichoaminika, inua alama ya hitilafu.

Pili, futa usiku. Usiguse mita za vihisi. Kontrola iweke akilini masomo ya wakati huo kama msingi, na waliomo wahesabiwe kutoka hapo: walioingia tangu msingi, toa waliotoka tangu msingi. Saa ya kufuta isiwe ya kubahatisha. Saa sita usiku inaonekana salama mpaka ukumbuke walinzi na wasafishaji. Mimi huweka saa tisa usiku pamoja na sharti: vihisi vya mwendo viwe kimya kwa saa nzima. Sharti lisipotimia, subiri. Jengo lisilofungwa kamwe halina usiku wa kufuta, na hapo kuhesabu milangoni peke yake hakutoshi. Tumia vihisi vinavyoona chumba chenyewe.

Tatu, tumia ushahidi mwingine mchana. Hesabu ikisema sifuri huku kihisi cha mwendo kinaona mtu, yupo angalau mmoja. Hesabu ikisema watatu huku hakuna mwendo kwa muda mrefu na kabonidayoksaidi imeshuka karibu na ya nje, ambayo sasa ni kama ppm (sehemu kwa milioni) 420, hao watatu ni vivuli.

Kuipeleka kwenye hewa

Kwa ofisi, kiwango cha ASHRAE 62.1 hutaka lita 2.5 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu, na lita 0.3 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kurekebisha kwa namna hewa inavyosambaa chumbani. Eneo la mita za mraba 120 lenye watu 40 linahitaji 100 kwa ajili ya watu na 36 kwa ajili ya sakafu, jumla lita 136. Wakibaki 10, ni 61. Tofauti hiyo ndiyo akiba unayoitafuta. Kwa aina nyingine ya chumba, au pale sheria ya jengo inapotaka kingine, fuata namba zake.

Sasa kumbuka namba yako ina makosa, na makosa mawili haya si ndugu. Ukiongeza watu wasiokuwepo, unapoteza umeme kidogo. Ukiwapunguza waliopo, watu wanasinzia na vichwa vinawauma. Basi ielemeze hesabu juu: mimi huongeza moja ya kumi pamoja na watu wawili. Ipande mara moja watu wakiongezeka, lakini ishuke baada ya dakika 15 za utulivu, ili dampa isihangaike kila mtu anapotoka kupokea simu. Kihisi cha kabonidayoksaidi kikidai hewa zaidi ya hesabu, kinachodai zaidi ndicho kishinde.

Hitilafu yoyote, iwe kihisi kimya, jumla iliyorukaruka au kigeuzi kilichokatika, iirudishe hewa kwenye kiwango cha chumba kilichojaa. Usiirudishe kwenye sifuri wala kwenye namba ya mwisho.

Kwenye BACnet, hesabu isiiamuru dampa moja kwa moja kwa kipaumbele cha juu. Iandike kwenye pointi ya lengo la hewa, na programu iliyopo iendelee na mipaka yake yote. Ngazi ya 8 ya kipaumbele ni ya mkono wa mwendeshaji. Ukiandika juu ya hiyo, siku fundi atakapotaka kufungua dampa kwa mkono itamgomea, naye hatajua kwa nini.

Na ukipunguza hewa inayoingia, tazama inayotoka. Feni za vyoo na jiko huendelea kuvuta vile vile, jengo linaanza kunyonya hewa kupitia nyufa, na milango ya nje inakuwa mizito kufungua. Weka kiwango cha chini cha uingizaji kinachofidia feni hizo, hata chumba kikiwa kitupu.

Kujaribu kabla ya kukabidhi

Simama mlangoni na kaunta mbili za mkononi, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka, mpaka ufike watu 100 kila upande, wakati wa msongamano. Saa tulivu haitakuambia kitu. Kisha omba watu wachache wakusaidie: wapite wawili kwa pamoja, mmoja aingie akageuka mlangoni, mwingine asukume toroli, mwingine abebe boksi kubwa kifuani. Andika kila upande umekosa wangapi. Upande mmoja ukikosa zaidi ya mwingine, rekebisha mstari kwanza, kwa sababu mwegemeo ndio unaolimbikiza. Makosa yanayolingana pande zote hufutana.

Baada ya hapo vunja vitu makusudi. Chomoa kebo ya kihisi, uhesabu dakika mpaka alama ya hitilafu ionekane na hewa ipande. Zima kigeuzi. Ingiza 65,531 kwa mkono kwenye pointi ya waliomo uone feni itafanya nini. Zima umeme wa swichi na kuuwasha, kisha angalia kama waliomo wamebaki wale wale.

Acha mfumo uandike namba kwa wiki mbili kabla ya kuiruhusu hesabu iguse dampa. Kila asubuhi tazama waliobaki kabla ya kufutwa, kwa hesabu ghafi isiyowekewa sakafu. Wakiwa mara +3, mara −2, mara +1, endelea. Wakiwa +9, +11, +10, kuna mlango haukuona mtu akitoka. Nenda kautafute, nilipoukuta mimi, ulikuwa nyuma ya kabati la mafaili, na mbele yake zulia limechakaa kwa nyayo.